Anachomwambia Afande

Sheria ilimtaka kila dereva anayesimamishwa na polisi ataje dawa zote alizoandikiwa na daktari. Kwa kuwa ugonjwa ni siri ya mtu, abiria walishuka na kusubiri pembeni.

Hidaya alisubiri hivyo kila walipokwenda Morogoro mjini. Akiwa kando ya barabara, alimwona mumewe, Shukuru, akiegemea dirisha la gari na kumnong'oneza askari wa kike wa kizuizi cha polisi, Koplo Advera. Koplo alimsikiliza kwa utulivu, na safari moja alimshika bega.

"Unatumia dawa gani?" Hidaya alimuuliza nyumbani.

"Za kawaida tu, Mama Tunu. Pakua chakula."

Alipekua kabati na mifuko ya suruali, hakupata kitu. Wivu ukamkaba. Miaka yote ya ndoa alimpikia, akamuuguza, akamzalia, lakini maneno yale alipewa mwanamke mwenye sare.

Asubuhi moja akaenda kizuizini peke yake, kwa miguu.

"Afande, mume wangu anaumwa nini?"

"Sheria hainiruhusu kusema, mama."

"Mimi ni mkewe!"

Koplo Advera alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Hidaya kuliko tusi. "Mwambie tu asiache zile za jioni."

Shukuru aliporudi kutoka kazini, Hidaya alimwekea chai mezani. "Koplo Advera anasema usiache dawa za jioni."

Alitegemea afoke, au angalau ashtuke. Shukuru alitabasamu, tabasamu ambalo Hidaya hakuwa ameliona siku nyingi.

"Kumbe amenikumbuka," alisema.