Kibuyu Juu ya Mafiga

"Mbegu hatuna," bibi akasema kabla bwana shamba hajavuka kizingiti. Ulimi ulishazoea. Kwa miaka tisa alimjibu hivyo hivyo, tangu sheria ilipokataza wakulima kuuziana mbegu zao wenyewe.

Bwana shamba akaketi kwenye kigoda, akafungua daftari jipya. "Bibi, sheria imebadilishwa. Leo nimekuja kuziandikisha, ili uuze mchana kweupe."

"Mwaka ule ulinichomea gunia zima la mtama."

"Nilichoma," akasema, macho chini. "Mwaka huu jua limeunguza mtama wa mbegu za dukani, shamba kwa shamba. Wako nimeupita hapo nje, umesimama."

Bibi akamtazama mke wa mwanawe, aliyekuwa akichochea moto. Naye akatazama juu ya mafiga, ambako kibuyu kilining'inia, cheusi kwa masizi.

Bibi akakitungua mwenyewe, akamiminia kiganjani mwa mgeni punje nyekundu zilizopakwa majivu. Bwana shamba akazinusa, akaandika, akachana karatasi daftarini, akaigonga muhuri na kumpa bibi.

Bibi akaigeuza ile karatasi pande zote mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Haya, mkwe wangu," akasema. "Lete na vile vibuyu vitatu vya chini ya kitanda."