Jino la Mwisho la Nakijwa

Bima ya watoto ilimpa kila mtoto daktari wake wa meno, aliyemtibu kutoka mbali kupitia kioo cha ukutani, mpaka jino la mwisho la utoto ling'oke. Baada ya hapo kioo kilibaki kioo tu.

Kwa miaka sita Dokta Mshana alimhesabia binti yangu Nakijwa meno kila asubuhi, akimtania. Jino la mwisho lilipodondoka kwenye uji, Nakijwa alilia, akanisihi nisilirushe juu ya paa kama ilivyo ada yetu.

"Mama, nikifungua mdomo kidogo tu, hataona."

"Ataona, mwanangu. Kazi yake ni kuona."

Hata hivyo nililificha kiganjani. Kioo kikang'aa polepole, kama ukungu unaopenywa na jua.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, bibi mapengo! Haya, achama."

Akahesabu bila haraka, akafika kwenye pengo jipya lililokuwa bado na damu.

"Na hili la mwisho liko imara. Tuonane kesho."

Nakijwa akanirukia kwa furaha. Nikamkumbatia, macho yangu yakiwa kiooni. Labda daktari alituhurumia. Au labda, kwa miaka yote sita, hakuna aliyekuwa akitazama.