Picha Nyepesi

Hakuwa na mke, hakuwa na kiti chenye mgongo, hakuwa na dirisha la kupumzishia macho, wala hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Mashine ya kukata vitambaa ilikitafuna zamani, kampuni ikampoza kwa kumpeleka shule ya jioni akasomee kompyuta. Wenzake walimwita Tisa, naye aliitika.

Kazi yake ilikuwa kupunguza uzito wa picha kabla hazijapandishwa kwenye tovuti ya kiwanda. Aliweza kuifanya picha iwe nyepesi kama unyoya, na bado ukahesabu vifungo vya shati. Hilo alijivunia.

Asubuhi hiyo mke wa mlinzi alisimama tena mlangoni, mkononi ana picha iliyochapishwa kutoka kwenye tovuti hiyo.

Ilionyesha ua wa kiwanda, dakika chache kabla ya moto. Pembeni, nyuma ya lori, mkono ulichomoza ukibana kufuli la mlango wa nyuma. Mkono tu. Nyuma ya mlango huo waliteketea washonaji kumi na mmoja. Kila mfanyakazi aliijua amri: ukiukuta mlango ule wazi, ufunge, nguo zisije zikaibwa. Baada ya moto kampuni iliikana amri, ikasema mkono ni wa mlinzi. Mahakama ikamfunga maisha. Rufaa ilikuwa Jumatatu.

"Mume wangu alikuwa msalani, shemeji. Amelisema hilo mpaka sauti imemkauka."

"Najua."

"Picha zenu zote zinang'aa. Hii peke yake ina ukungu. Mkono umekuwa kama nta iliyoyeyuka."

"Picha nzito huchelewesha ukurasa, shemeji. Lazima tubane."

"Basi ile yenyewe iko wapi?"

Msimamizi alicheka kutoka meza ya pili. "Mama, mkono ni mkono. Au ulitaka kuusalimia?"

Mwanamke hakumgeukia. "Wanangu wanakuita baba mdogo," alimwambia Tisa. "Nikawaambie nini?"

Tisa aligeukia kompyuta, akaendelea kubana picha za mashati mpaka hatua za mwanamke zikapotea ngazini.

Msimamizi alipotoka kwenda kula, Tisa alifungua picha ya awali, ile aliyojiapiza mara tatu kuifuta na mara tatu akashindwa. Aliichapisha kwa ukubwa wa karatasi nzima. Chini yake aliandika mstari mmoja, akatia sahihi. Akaitia kwenye bahasha, na juu yake akaandika jina la jaji wa rufaa.

Kwenye picha hiyo kila kitu kilikuwa wazi: kutu ya kufuli, ufa wa mlango, na ule mkono, vidole vyake vinahesabika. Vinne.

Tisa akalamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa vinne hivyohivyo, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.