Mkono wa Kulia

Binti wa mkahawani alisimama na birika la maji ya vuguvugu na beseni, akingoja Mzee Mshangama anawe. Mzee akatoa mkono wa kushoto.

"Wa kulia, babu," binti alisema kwa upole, na watu wa meza ya jirani wakageuka.

Tangu apooze upande mmoja, mzee alikuwa akila kwake, mlango umefungwa. Leo upweke ulimshinda.

"Huo umekufa, mjukuu wangu," alinong'ona, akitaka kuinuka aondoke.

Binti alipiga magoti, akamwekea beseni mapajani, akautoa ule mkono mfukoni mwa koti na kuuosha taratibu, kidole kwa kidole. Mzee akayakodolea macho yale maji, akingoja ayahisi vidoleni.