Haisikii Ukigusa Polepole

"Protekta hii ni nene, mathe," fundi alisema, akiinua kioo kilichotetemesha mwanga kama maji ya kisima. "Simu ikianguka haivunjiki. Lakini tachi itakuwa ngumu. Ukigusa polepole, haisikii."

Jebet alikitazama kiganja chake. Udongo wa viazi vya Kuresoi ulikuwa umelala ndani ya nyufa zake, na hata maji ya moto hayakuwa yakiutoa.

Kila Jumamosi, mjukuu wake aliyezaliwa Doha, anayemwita Kogo, yaani bibi, humwinamishia kichwa kwenye simu ya video, aguswe utosi, jinsi watoto wa kwao wanavyowasalimia wazee. Simu nzima hujaa nywele, nyeusi, laini, kama ukungu uliosahau kuwa mweupe. Jebet huweka kiganja. Kiganja hugusa kitufe chekundu, na simu hukatika.

Mwaka mzima sasa, salamu haijawahi kufika mwisho.

"Niweke ama niache?"

"Haisikii kabisa?"

"Mpaka ufinye, mathe."

"Weka."

Fundi aliilaza protekta. Kiputo kimoja cha hewa kilitembea taratibu hadi ukingoni, kikapotea. Nje, Nakuru ilipiga honi kwa mbali, kama mji wa watu wengine.

Simu ikalia, akafinya kupokea. Nywele zikajaa.

Jebet aliweka kiganja chote, polepole. Haikukatika. Alifumba macho, akasubiri.

Kutoka chini ya mkono wake, sauti ndogo ikacheka:

"Kogo, mkono wako unanikwaruza."