Kipandio cha Mposaji

"Siyo hicho," alisema Fundi bila kuinua macho. "Kiti hicho kina mwenyewe."

Mposaji, aliyekuwa ameshainama kukaa, alisimama wima haraka. "Samahani. Mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Kaa kwenye stuli."

Akakaa kwenye stuli. Shati lake lilikuwa jipya kiasi kwamba mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana, na viatu vilikuwa vimeng'arishwa na mtu aliyetumia rangi nyingi kuliko akili. Alikuja kuomba mke. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameshakubali, ila alimwambia wazi: bila Fundi kusema ndiyo, ndoa haipo. Kisha akajifungia jikoni, ambako sasa alikuwa akisugua sufuria moja kwa bidii ya kutosha sufuria kumi.

Fundi, ambaye humo ndani hakuitwa jina jingine, alikuwa na kazi za maana zaidi kuliko wageni. Meza nzima ilikuwa reli, na juu yake palikuwa na treni ndogo ya kuchezea, ingawa kuiita hivyo mbele ya Fundi kulitosha kukufanya uonyeshwe mlango. Behewa la mwisho, la mizigo, halikuwa na breki, ngazi wala vipandio. Vyote vilikuwa bado kwenye bati la shaba, jembamba kama karatasi. Tindikali ilikuwa imeshakata maumbo, ikala nusu ya unene pale panapotakiwa kukunjwa. Kilichobaki ni mtu wa kuvikata, kuvikunja na kutopiga chafya.

"Kazi yako?"

"Nauza vipuri vya baiskeli."

"Unakoroma?"

Mposaji alikuwa amejiandaa kuulizwa ukoo, mapato na tabia. Hili halikuwamo. "Kidogo," alisema.

"Kidogo cha chumba kimoja, au cha mpaka chumba cha pili? Kuta za nyumba hii ni nyembamba."

"Nitalala ubavu."

"Tutasikia."

Jikoni sufuria ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea kusuguliwa.

Wengine hupimwa kwa mali, wengine kwa elimu. Huyu alipewa kipandio, kidude kidogo kuliko ukucha, ambacho mfanyakazi wa reli mwenye kimo cha punje ya mchele angekanyaga ili apande behewani.

"Kunja hapa," alisema Fundi. "Huu mstari ulioliwa ubaki ndani ya kona. Unakunja mara moja tu. Ukikosea usikirudishe, kitakatika."

"Kuna aliyewahi kukosea?"

"Aliyekuja kabla yako. Akakirudisha, kikakatika, akakificha mfukoni, akaniambia hakikuwamo kwenye bati. Alikuwa na gari zuri sana."

Mposaji akatoa miwani, akaivaa, akashika kibano. Fundi akageuka kutafuta gundi, ambayo ilikuwa mbele ya pua yake, akaitafuta kwa muda mrefu kwa heshima zote.

Kisha ikasikika sauti ndogo. "Nimekunja kinyume."

Kweli, mstari ulikuwa nje na kipandio kilitazama juu. Ambaye angekanyaga hapo angepitiliza moja kwa moja mbinguni.

"Kirudishe basi," alisema Fundi.

"Umesema kitakatika."

"Kumbe unasikia."

"Mkono wangu ni wa minyororo ya baiskeli, Fundi. Kazi hii siiwezi, na sitakudanganya kwamba wiki ijayo nitaiweza. Ila naona kichwa chako kinakuziba mwanga. Taa naweza kukushikia."

Fundi akamsogezea taa. Mtu wa mwisho kumshikia taa alikuwa mwenye kile kiti, zamani sana. Akakata kipandio kingine. Mkono wa mposaji, uliokuwa umeshindwa kwenye kibano, ulitulia kabisa kwenye taa, na shaba ikakunjika mara moja, kona safi.

Ukweli, ambao Fundi asingeusema hata kwa kubanwa na koleo, ni kwamba aliyeogopa zaidi chumbani humo hakuwa mposaji. Nyumba ilikuwa na watu wawili waliozoeana. Tangu mmoja wao aanze kutabasamu peke yake wakati wa kula, mwingine alikuwa halali vizuri.

"Huyo aliye jikoni amelia vya kutosha ndani ya nyumba hii," alisema. Kejeli yote ilikuwa imemtoka. "Ukimliza..."

"Sitamliza."

"Usinikatize. Ukimliza, nitakufuata hukohuko kwenye vipuri vyako."

"Sawa, Fundi."

"Na treni hii haihami mezani."

"Nani ataihamisha? Mimi nimekuja na taa tu, na taa yenyewe ni yako."

Fundi alikaribia kucheka, akajizuia kwa kukohoa. Akabandika kipandio chini ya behewa, akangoja gundi ishike, akalisukuma kwa kidole. Lilikwenda vizuri. Akavua miwani ya kukuza, ile kubwa iliyokuwa imemfunika nusu ya uso.

"Mama!" aliita kuelekea jikoni. "Njoo umchukue mchumba wako."

Kisha akaruka chini kutoka kitini, akanyoosha sketi ya sare ya shule, akamtazama yule mtu mwenye mvi na kumpa neno alilomnyima tangu alipomfungulia mlango.

"Shikamoo, baba."