Komeo la Bi Mwanahawa

Asubuhi ile karani wa mtaa, Shebughe, alifika kwa Bi Mwanahawa akiwa na bisibisi mkononi. Amri ilikuwa imetoka kwamba mlango wa nyumba yoyote usikomewe kwa ndani, ili wakaguzi waweze kuingia wakati wowote.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kutoa komeo."

"Marahaba. Nimefanya kosa gani?"

"Huna kosa. Ni mji mzima."

"Basi kama sina kosa, mnatafuta nini ndani kwangu?"

Shebughe alitazama chini. "Mimi nimetumwa tu, mama. Hata la kwangu nimelitoa jana."

Komeo lilikuwa la mvule. Marehemu mumewe alilichonga mwaka waliooana. Bi Mwanahawa aliweka kiganja juu yake, na karani hakuthubutu kuusogeza mkono ule. Mwishowe Bi Mwanahawa akauondoa mwenyewe. Angefanya nini? Jirani aliyekataa wiki iliyopita aling'olewa mlango mzima.

Skrubu nne zikatoka moja baada ya nyingine. Shebughe akalitia komeo kwenye gunia lililojaa makomeo ya watu, akaaga kwa adabu.

Bi Mwanahawa aliurudishia mlango, ukafunguka wenyewe. Akaurudishia tena, akaketi sakafuni na kuuegemea kwa mgongo. Alitaka kuvua mtandio wake, kama alivyozoea akiwa peke yake, lakini mikono ilikataa. Nje nyayo zilikuwa zikipita. Za mtu mmoja zikapunguza mwendo, kisha Bi Mwanahawa akahisi ubao wa mlango ukimsukuma mgongoni, taratibu.